Ardhi ya Ijara Inapotutoka

Barua iliyotufikia mwezi wa Februari, wiki chache baada ya msimu kufungwa, haikuwa na mistari zaidi ya sita, na ndani ya mistari hiyo, iliyoandikwa kwa adabu wala haikuwa na neno hata moja la kutukashifu, tulijulishwa kwamba mzee aliyekuwa akitukodisha uwindaji katika ranchi yake, katika nchi ya vilima iliyo magharibi ya Austin, amefariki dunia, kwamba ardhi imekwisha pata mnunuzi, na kwamba tunaombwa kuondoa kila kilicho chetu kabla siku 14 hazijapita. Tulikuwa tumewinda pale kwa miaka 11. Tulikuwa watu watano, na ijara ya mwaka mpya tulikwisha kuilipa mwezi wa Januari.

Ndugu zangu wawindaji mliotawanyika Houston, Dallas na San Antonio, mliotoka Tanga na Mombasa, Bukavu na Bujumbura, nimeona ni haki yenu niwaandikie habari ya kadhia hii kwa urefu, kwa sababu tangu siku ile nimepokea simu za watu kadhaa waliofikwa na jambo lilo hilo, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyeonewa, ilhali ardhi ya uwindaji hutoka mikononi mwa waliokodi kila mwaka, na sababu zake hazibadiliki sana: mwenye ardhi hufa na warithi wakauza, au hutokea mtu mwenye dola nyingi zaidi kwa ekari, au mji hupanuka ukameza malisho, au, na hili ndilo chungu kuliko yote kwa kuwa lilikuwa katika uwezo wetu kulizuia, mmoja wetu huacha lango wazi na ng'ombe wakatoka barabarani.

Asiyewinda huuliza ni huzuni gani hiyo inayomshika mtu mzima kwa ajili ya shamba la mwingine. Mimi nilipokuwa mtoto, kando ya mto Pangani, nililala usiku mwingi pamoja na babu yangu juu ya dungu, tukilinda mahindi yasiliwe na nguruwe, naye akinifundisha kulisikiliza giza kama mtu asomavyo maandishi. Na siku ya kwanza nilipopanda kile kijumba cha mbao chenye miguu minne ambacho Wamarekani hukaa ndani yake kumngojea kulungu wa mkia mweupe, wa jamii ya yule ambaye wafasiri wa zamani wa Biblia walimwita ayala, neno lililonijia ulimini lilikuwa ni dungu, wala wenzangu hawakuliita tena kwa jina jingine. Humo ndimo mwanangu alimojifunza kunyamaza saa tatu. Na nyama tuliyoipata pale ilikuwa ni nyama tuliyoitajia jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua risasi, tukamwahi mnyama kumchinja tulipomkuta yu hai, tukamchuna kwa mikono yetu na kupeleka mafungu kwa jirani na kwa wajane wa jamaa zetu mjini. Kwa hiyo sitaki kumwambia mtu yeyote asihuzunike. Lakini huzuni haina budi kungojea kidogo, kwa maana siku zile 14 ni chache na kazi iliyomo ndani yake ni nyingi.

Yapasa kwanza tufahamu ni kitu gani tulichokuwa nacho. Mtu aliyelelewa Tanzania, ambako Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kuwa mdhamini wa raia, na ambako kitalu cha uwindaji hukodishwa na Serikali, au Mkenya ambaye nchi yake ilipiga marufuku uwindaji wa burudani tangu mwaka 1977, hufika Texas akakuta mambo yamepangwa kwa namna nyingine kabisa: zaidi ya ekari 95 katika kila 100 ni milki ya watu binafsi, na mnyama wa mwitu, kwa sheria ya jimbo, ni mali ya watu wote wa jimbo hilo, lakini lango la kumfikia ni la mwenye ardhi. Ndipo mwindaji huhitaji ruhusa mbili, leseni ya jimbo na idhini ya mwenye shamba, na kuwinda kwa leseni pasipo idhini ni jinai. Tunasema tumekodi ardhi, lakini tulichonunua aghalabu ni idhini tu ya kuingia na kuwinda kwa msimu mmoja. Hatukununua malisho, wala maji, wala miti, wala haki ya kuzuia uuzaji. Marehemu mzee wetu alitwambia zaidi ya mara moja, mkono wake juu ya bega langu, kwamba tutawinda pale maadamu tuko hai, na ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba alikusudia hivyo. Lakini ahadi ya mdomo inayopita muda wa mwaka mmoja kuhusu ardhi haina nguvu mahakamani, na mauti yakimchukua aliyeitamka, hubaki kumbukumbu njema na hapana zaidi.

Ikiwa wewe una mkataba wa maandishi ambao muda wake haujakwisha, hali yako ni nyingine, na usiondoe hata msumari mmoja kabla hujamwonyesha wakili, kwani huenda mnunuzi akalazimika kuuheshimu mpaka utimie, au huenda ukalipwa kwa kuuachilia. Wengi wetu hatuna. Basi kwa sisi wengi, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba barua ya namna hii isijibiwe usiku ule ule ilipofika. Mmoja wa wenzetu alitaka kumwandikia binti wa marehemu maneno makali, amkumbushe ua wa seng'enge tulioutengeneza bila ujira na ukame ule tulipowachotea ng'ombe wake maji. Tukamsihi angoje hadi asubuhi, na asubuhi ilipofika yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema kwamba mtu aliyefiwa na baba yake hakosi majonzi yake, na kwamba hisani tuliyoitenda kwa hiari hatuwezi kuigeuza deni baada ya aliyetendewa kuingia kaburini.

Tuliandika siku ya tatu. Tulianza kwa taazia, kisha tukauliza ni nani msimamizi wa mirathi mwenye mamlaka ya kusema nasi, kwa kuwa warithi wanaweza kuwa wengi na neno la mmoja lisiwe neno la wote. Tukaomba muda uongezwe hadi siku 30, kwa sababu mabonde yalikuwa na matope na magari yasingeweza kufika kwenye dungu la mbali. Tukaomba kwa upole turejeshewe ijara ya mwaka ambao hatutawinda, tukiambatisha nakala ya hundi. Na mwisho tukaomba, ikiwa haimkeri, jina letu litajwe kwa mnunuzi. Muda tulipewa. Fedha zilirudi. Mnunuzi hakututaka, na hiyo ilikuwa haki yake. Nawaeleza haya ili mwone kwamba mambo matatu katika manne yalipatikana kwa kuombwa tu, nami nina yakini kwamba yale maneno makali yasingetupatia hata moja.

Tarehe mliyopewa ikipita, msiingie tena, hata kama dungu lenu bado lasimama palepale na mnaliona kutoka barabarani. Ombeni ruhusa mpya ya maandishi, yenye siku na saa. Katika Texas, tangu mwaka 1997, mstari wa rangi ya zambarau uliopakwa wima juu ya mti au nguzo, wenye urefu usiopungua inchi 8, una nguvu ile ile ya kibao cha kukataza kuingia, na wageni wengi huupita wakidhani ni alama ya wakata miti. Mwenye ardhi mpya hawajui ninyi. Yeye huona watu wenye bunduki ndani ya mali yake.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko mengine yote katika makala haya, nalo ni namna ya kuondoka. Tulikwenda Jumamosi mbili mfululizo, sote watano pamoja na watoto, tukayabomoa madungu matatu, tukayaondoa mapipa ya kumwagia mahindi na ile karavani kuukuu tuliyokuwa tukilala. Kazi hiyo kila mtu angeifanya. Lakini tulibaki pia tukayafukia mashimo ya nguzo, tukaokota maganda ya risasi ya miaka 11 kadiri macho yetu yalivyoweza kuyaona, na tukang'oa kila msumari tulioupigilia katika mialoni, kwa kuwa msumari uliomezwa na gome la mti huvunja msumeno na huweza kumjeruhi mkataji atakayekuja miaka mingi baadaye asijue nani aliyeuacha. Pahali tulipozoea kuchunia nyama tulipafukua na kupasawazisha. Tukapiga picha kila sehemu, tukazituma kwa yule binti pamoja na namba ya kufuli ya lango, tukamwandikia kwamba lango tumelifunga saa kumi na moja jioni na kwamba ng'ombe tuliowaona ni wazima. Mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 15, aliniuliza kwa nini tunahangaika kumpambia nyumba mtu aliyetufukuza. Nilimjibu kwamba hatufanyi hayo kwa ajili ya mnunuzi, na sikuweza kumwambia zaidi, kwa sababu donge lilikuwa limenikaba kooni.

Habari ya fedha baina ya washirika naipita upesi, ila nisiiache kabisa, maana nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika juu ya pipa la mahindi. Vitu mlivyovinunua kwa shirika vithaminini siku ile ile, mbele ya wote, anayekitaka kitu akichukue kwa kuwalipa wenzake mafungu yao, na ijara iliyorejeshwa igawanywe kabla ya mtu yeyote kuanza kuzungumza habari ya shamba jingine.

Wala msilikimbilie shamba jingine kwa pupa. Mwezi wa Agosti ukikaribia, na msimu wa kulungu ukiwa hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, mtu asiye na pahali pa kuwinda huwa kama mwenye kiu, na wadanganyifu wanamjua. Hutokea mtu akatangaza ardhi isiyokuwa yake, akaonyesha picha za kulungu wenye pembe za matawi mengi, akapokea hundi, akatoweka. Kila wilaya ya Texas ina ofisi ya ukadiriaji wa thamani za ardhi kwa ajili ya kodi, na daftari zake ziko wazi kwa kila mtu. Jina la mwenye milki hupatikana humo kwa dakika chache. Msitoe hata dola moja kabla jina la mpokeaji halijalingana na jina la daftarini, au kabla mpokeaji hajawaonyesha hati ya wakala wake.

Mwaka wetu wa kwanza pasipo ranchi tuliwinda katika ardhi ya umma, nami nakiri kwamba kabla ya hapo nilikuwa nikiwahurumia waliowinda huko. Nilikuwa mjinga. Texas ina misitu minne ya taifa, yote mashariki ya jimbo, na mmojawapo, Sam Houston, wenye ekari 163,000 hivi, uko safari isiyozidi saa mbili kutoka majumbani mwa wengi wetu tulio Houston. Kwa kibali cha mwaka cha uwindaji wa umma, ambacho bei yake nilipokinunua ilikuwa dola 48, mtu hupata ruhusa ya kuingia katika msitu huo na katika maeneo mengine mengi ya jimbo. Masharti yake ni makali kuliko yale tuliyozoea: huruhusiwi kumwaga mahindi wala kujenga dungu la kudumu, na huna budi kuvaa rangi ya chungwa ing'aayo isiyopungua inchi za mraba 400, ionekane kichwani, kifuani na mgongoni, jambo ambalo katika ardhi ya mtu binafsi sheria hailidai. Mwenye kuzoea kulungu ajaye kwenye pipa la mahindi kwa saa maalumu hulazimika hapa kujifunza upya: atafute mialoni iliyoangusha matunda, afuate nyayo kando ya vijito, aamke mapema zaidi na kutembea mbali zaidi kutoka mahali pa kuegesha magari, kwa kuwa wawindaji wengi hawaendi mbali. Mwaka ule tulipata kulungu mmoja kwa watu watano. Mwanangu alisema kwamba huyo mmoja alikuwa wa kwanza aliyemtafuta kweli. Kwa wenye watoto naongeza kwamba upo Mpango wa Texas wa Uwindaji wa Vijana, ulioanzishwa mwaka 1996 na Idara ya Mbuga na Wanyamapori ya jimbo pamoja na jumuiya ya wenye ardhi, ambao huwachukua vijana pamoja na wazazi wao hadi katika mashamba ya watu binafsi wanaojitolea. Na milango ya namna hiyo huwa ni mipana kuliko tunavyodhani.

Ardhi tunayowinda sasa ilipatikana kwa njia ambayo babu yangu angeifahamu mara moja. Jirani wa marehemu mzee, mtu ambaye kwa miaka 11 tulikuwa tukipungiana mikono tu juu ya ua, alituona zile Jumamosi mbili tukifukia mashimo, na mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, alimpigia simu mmoja wetu akilalamika kwamba nguruwe mwitu wamelifukua shamba lake la nyasi usiku mmoja, na akauliza kama tungeweza kuja. Wakulima wa Texas wana dhiki kubwa na nguruwe hao, na tangu tarehe 1 Septemba 2019 mtu aliye na idhini ya mwenye ardhi hahitaji hata leseni ya uwindaji kuwaua katika shamba la binafsi. Sisi tulio Waislamu hatuli nyama yao, na nimesikia ndugu wakikataa kazi hiyo kwa sababu hiyo. Lakini kulinda mazao ya mtu yasiharibiwe ni jambo ambalo wazee wetu walilifanya miaka na miaka bila ya kutia kipande kinywani, na yule jirani alipata watu wa kanisani kwake waliofurahi kuichukua nyama. Tulikesha mausiku mengi ya joto ya Julai na Agosti, wakati ambapo wawindaji wengi wamelala wakingoja kulungu. Hatukumwomba chochote. Mwezi wa Oktoba yeye mwenyewe ndiye aliyetaja habari ya kulungu.

Mwenye kutafuta shamba, basi, asiulize tu ni kiasi gani kwa ekari, bali aulize mwenye ardhi anasumbuliwa na nini. Mfano mmoja ambao wageni hawaujui: katika Texas, mwenye shamba ambaye tayari anatozwa kodi nafuu ya kilimo anaweza kubaki na unafuu huo kwa kuwatunza wanyamapori badala ya kufuga au kulima, ilimradi atekeleze angalau mambo matatu katika saba yaliyotajwa na sheria, nayo ni kutunza makazi ya wanyama, kuzuia mmomonyoko, kudhibiti wanyama waharibifu, kuwapa maji, kuwapa chakula, kuwapatia maficho, na kuwahesabu. Mzee wa miaka 70 na zaidi hawezi peke yake kukesha akiwahesabu kulungu usiku kwa taa, wala kukata mireteni inayokunywa maji ya visima vyake, wala kuandika taarifa ya kila mwaka yenye picha. Kundi la wawindaji watano linaweza. Ukimfanyia kazi hiyo, na ukamwandikia taarifa hiyo kwa unadhifu, unakuwa mtu ambaye kuondoka kwake kutamgharimu.

Na safari hii tumeandika. Mkataba wetu na jirani yule una kurasa tatu, uliosomwa na wakili, unaotaja majina yetu sote, mipaka ya eneo, tarehe ya kuanza na kwisha, na wageni wangapi tuwezao kuwaleta. Unasema wazi kwamba madungu na mapipa ni mali yetu, na kwamba kwa sababu yoyote ile tutakapotakiwa kuondoka tutapewa siku 60 za kuyaondoa. Kwamba shamba likiuzwa kabla ya msimu kwisha, ijara ya siku zilizobaki itarejeshwa. Na kwamba mwenye shamba akitaka kumkodisha mtu mwingine, atatupa sisi kwanza nafasi ya kulingana na bei hiyo. Tumekata bima ya dhima yenye jina lake ndani, kwa maana sheria za majimbo mengi humkinga mwenye ardhi anayewaruhusu watu bure kuliko anayetoza malipo, na mzee mwenye akili huogopa kupoteza shamba lake kwa sababu mgeni wake ameteleza kutoka kwenye ngazi. Alipoona tumeileta bima bila ya kuulizwa, aliikunja karatasi akaiweka mfukoni mwa shati pamoja na miwani yake.

Hata hivyo laiti ningeambiwa nichague kosa moja la ile miaka 11 nilirekebishe, nisingechagua kukosekana kwa mkataba. Ningechagua kwamba hatukumjua binti yule. Kwa miaka yote ile tulimletea baba yake tende na halua kila Idi, tukaketi barazani pake, tukauliza hali ya magoti yake, na picha ya binti ilikuwa ukutani nyuma ya kiti chake, wala hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuomba ajulishwe kwake. Hata siku alipolazimika kuamua, sisi kwake tulikuwa majina matano juu ya hundi. Jirani yetu wa sasa ana wana wawili, mmoja yuko Fort Worth na wa pili ni mwalimu huko San Angelo. Mwalimu alikuja wakati wa mapumziko ya Novemba pamoja na mtoto wake wa kike wa miaka tisa, na mwanangu, ambaye sasa ni kijana wa chuo, alimpandisha mtoto huyo kwenye dungu jioni, akamfundisha kunyamaza. Hawakuona kulungu. Waliona bata mzinga saba wakivuka kijito mmoja mmoja, na mtoto alishuka ngazi mbio ili amsimulie babu yake, akiwahesabu kwa vidole.